Saba Sitini na Mbili Si Moja

Zikiwekwa mezani risasi mbili, moja ya AK-47 na nyingine ya FAL, mtu asiyejua bunduki ataona ndugu wawili, mkubwa na mdogo. Zote huitwa saba sitini na mbili, kwa kuwa mtutu wa kila moja huhesabiwa milimita 7.62. Ila ganda la risasi ya AK lina urefu wa milimita 39, na la FAL milimita 51. Milimita 12, upana wa ukucha wa kidole gumba. Ndani ya nafasi hiyo ndogo mna baruti ya ziada, na baruti hiyo ndiyo inayotenganisha bunduki ndogo na kubwa katika mchezo ambao Pweto, mji wa Katanga nchini Kongo, hauna mashabiki: mashindano ya bunduki tatu.

Pweto yenyewe inazijua risasi hizi kwa njia nyingine. Mji uko pale Ziwa Mweru linapoanza kumwaga maji yake katika mto Luvua, na mwanzoni mwa Desemba 2000 waasi wa RCD-Goma pamoja na jeshi la Rwanda waliuteka. Askari wa serikali na raia kwa maelfu walikimbilia Zambia, na familia nyingi zikaishia katika kambi kama Mwange. Miaka michache baadaye eneo lililo kati ya Manono, Mitwaba na Pweto likaitwa pembetatu ya kifo, kwa mapigano ya jeshi na wanamgambo wa Mai-Mai wa Gédéon Kyungu Mutanga. Ukimwambia mvuvi wa huko kwamba kuna watu wanaolipa kiingilio ili wakimbie na bunduki nzito juani, wapige sahani za chuma, kisha warudi nyumbani kula, atakutazama mara mbili.

Lakini wapo. Mchezo wenyewe hauna fumbo. Mshindani mmoja hutumia silaha tatu: bunduki ndefu, bastola, na shotgani ya marisawa. Husimama mstarini, saa hulia, naye hukimbia kutoka kituo hadi kituo akipiga shabaha za karatasi na za chuma kwa silaha aliyoelekezwa. Akimaliza na moja huiweka ndani ya pipa au juu ya meza, mdomo ukielekea upande salama, kisha huchukua ya pili. Anayemaliza kwa muda mfupi hushinda, na kila shabaha aliyoikosa humwongezea sekunde. Shabaha nyingine iko hatua tatu mbele yake, nyingine mita 300 ng'ambo ya bonde.

Asili yake ni Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jarida la Soldier of Fortune lilianza kuandaa mashindano ya aina hii, na jina la jarida hilo haliwezi kupita hivi hivi masikioni mwa mtu wa Katanga, maana lilikuwa jarida la mamluki na wapenzi wa habari zao, na Katanga iliyojitenga chini ya Moïse Tshombe iliwajua mamluki kabla jarida hilo halijazaliwa mwaka 1975. Siku hizo za mwanzo ilichukuliwa kwamba mwanamume hushika bunduki kubwa na bastola kubwa. Baadaye washindani wakagundua kuwa bunduki ya kaliba ndogo, 5.56, haisukumi sana bega, ni nyepesi, na risasi zake ni za bei nafuu. Wakahamia huko karibu wote. Waliobaki na kubwa wakatengewa daraja lao, linaloitwa la chuma kizito: bunduki ya kaliba 7.62 kwa 51 au zaidi, bastola ya .45, na shotgani ya geji 12, ya kukoki kwa mkono. Sehemu nyingine daraja hilo halimruhusu mtu hata kufunga darubini.

Kwa hiyo anayechagua bunduki kubwa hachagui kwa sababu itamrahisishia ushindi. Anachagua kwa sababu kanuni ya daraja inamtaka, au kwa sababu anaupenda ugumu wenyewe, kama mtu anayevua kwa mshipi mahali ambapo wengine wameweka nyavu.

Shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, IPSC, lililoanzishwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, lina njia yake ya kuamua kipi ni kikubwa. Halitazami jina la bunduki. Linapima uzito wa risasi kwa greni na mwendo wake kwa futi kwa sekunde, linazidisha, kisha linagawa kwa 1,000. Bunduki ndefu ikifika 320 huwekwa katika kundi kubwa. Hesabu si ngumu. Risasi ya .308, pacha wa kiraia wa 7.62 kwa 51, yenye greni 150 ikienda futi 2,800 hupata 420, inapita bila wasiwasi. Ya 5.56 yenye greni 55 ikienda futi 3,000 hupata 165. Sasa ya AK-47: greni 123, futi 2,350, jumla 289.

Haifiki. Bunduki iliyoiadhibu Pweto, iliyo kwenye bendera ya Msumbiji, mezani kwa waamuzi ni bunduki ndogo. Saba sitini na mbili si moja.

Faida ya kuwa katika kundi kubwa iko pembeni mwa shabaha. IPSC huhesabu pointi pamoja na muda: risasi ikiingia katikati, wote hupata pointi 5. Ikitoka nje ya kati, mwenye bunduki kubwa hupata 4 pale mwenye ndogo anapopata 3, na ikizidi kuteleza hupata 2 dhidi ya 1. Ni fidia ya bega linalouma. Mlengaji hodari ambaye risasi zake hazitoki katikati hafaidiki chochote, na hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu ajiulize mara mbili kabla ya kufungua mkoba.

Mabishano haya ya kubwa na ndogo ni ya zamani Afrika Mashariki kuliko mchezo wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 wawindaji wa Kizungu walibeba bunduki za mitutu miwili za kaliba kama .470, zenye kilo tano hivi, wakiamini tembo haangushwi na kitu kidogo. Mskoti Walter Bell, aliyewinda Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, akapata jina la Karamojo, alifanya kinyume. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 ambayo wenzake waliiona ya swala. Siri yake haikuwa ushujaa. Alipasua kwa msumeno fuvu la tembo aone ubongo unakaa wapi hasa, akajifunza kuufikia kutoka pembe yoyote. Hesabu hiyo ya tembo leo inatia uchungu kuisoma, na Kenya ilikwishapiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Ila somo lake la ufundi limebaki: bunduki inayomtisha mwenyewe haipigi mahali inapotakiwa.

Mshindani wa bunduki tatu hukutana na somo hilo kila anapopiga risasi ya pili. Ya kwanza kila mtu anaiweza. Risasi ya .308 husukuma bega kwa nguvu zaidi ya mara tatu ya 5.56, mdomo wa mtutu huruka juu, na mpaka uteremke kurudi kwenye shabaha, sehemu ya sekunde imekwenda. Shabaha za karatasi kwa kawaida hutaka risasi mbili. Ziwepo 12 katika kituo, mdomo utaruka mara 24. Hapo ndipo uchaguzi wa bunduki unapopata maana.

Wanaolishika daraja la chuma kizito huzunguka bunduki nne tano tu. FAL ndiyo inayostahili kuzungumziwa zaidi, maana ni ya nyumbani kwa njia yake. Ilibuniwa na Dieudonné Saive katika kiwanda cha FN huko Herstal, jirani na Liège, Ubelgiji, ikaenea katika nchi zaidi ya 90. Wakongo wanaojua Kifaransa watatabasamu kwa jina lake, fusil automatique léger, bunduki nyepesi ya kujiendesha. Nyepesi! Bila risasi ina kilo 4 na gramu 300 hivi. Jeshi la Zaire liliibeba miaka mingi, na Afrika Kusini iliitengeneza kwa leseni ikiiita R1.

Uzito huo, unaomchosha askari wa doria, uwanjani ni rafiki. Bunduki nzito hairuki sana. Tena FAL ina kitu ambacho wenzake kwa kawaida hawana: pete ndogo yenye namba, nyuma ya kilengeo cha mbele, inayodhibiti gesi. Risasi inapopita mtutuni, sehemu ya gesi huingia katika tundu na kusukuma pistoni inayorudisha bolti nyuma. Gesi ikizidi, bolti hugonga kwa kishindo na bega husikia. Ikipungua mno, ganda tupu hukwama. Mshindani mwenye subira hukaa mezani na risasi moja moja. Huifungua pete yote, gesi itoroke, kisha hupiga. Bunduki haitoi ganda. Huifunga hatua moja, hupiga tena. Hivyo hivyo mpaka ganda liruke na bolti ibaki nyuma. Hapo huongeza hatua mbili za usalama, akaacha. Nusu saa ya kazi hii hubadilisha tabia ya bunduki kuliko kifaa chochote cha kununua.

Kasoro zake ziko wazi. Kifuniko cha juu ni bati jembamba, kwa hiyo darubini haishiki vizuri bila kifuniko kingine kizito zaidi. Magazini haichomekwi moja kwa moja: hunasishwa kwanza mbele, kisha huvutwa nyuma mpaka ilie. Asiyeizoea hupoteza sekunde nzima akiitafuta ile ndoano huku watu wanamtazama.

G3 ya Ujerumani, inayoonekana mabegani mwa walinzi wa wanyamapori wa Kenya, haina pistoni wala pete. Bolti yake huzuiwa na vigurudumu viwili vidogo, na chumba cha risasi kimechongwa mifereji ili gesi ilegeze ganda. Ganda hutoka na michirizi myeusi ubavuni, mara nyingi limebonyea, na huruka mita kadhaa. Ni bunduki isiyonuna kwa vumbi. Lakini kwa mchezo ina ubaya mkubwa mmoja: risasi ikiisha, bolti haibaki nyuma. Mshindani hujua magazini ni tupu anapovuta triga na kusikia kimya, kisha lazima anyooshe mkono mbali mbele kukoki upya. Mwenye masikio makali huhesabu risasi zake kama mcheza karata. Wengine huilaani.

M1A, mtoto wa kiraia wa M14 iliyopitishwa na jeshi la Marekani mwaka 1957, ina triga safi na vyuma vizuri vya kulengea. Kwa daraja lisiloruhusu darubini, wengi huishia hapo. AR-10 iliyotoka mikononi mwa Eugene Stoner, mama wa AR-15 na si binti kama wengi wanavyodhani, ina kitako kilichonyooka sambamba na mtutu, hivyo nguvu hurudi nyuma moja kwa moja badala ya kuinua mdomo. Magazini yake huingia kwa kusukumwa tu. Kwa mtu anayeanza leo, akiruhusiwa kuchagua yoyote, hii ndiyo yenye visingizio vichache. Aangalie tu jambo moja: watengenezaji hawakukubaliana juu ya vipimo, na magazini ya mmoja inaweza kukataa katika bunduki ya mwingine.

Kisha kuna kile kizibo chenye matundu kinachofungwa mdomoni ili kupeleka gesi pembeni. Kwa bunduki ya 5.56 ni starehe. Kwa .308 ni karibu lazima, nacho hupunguza msukumo kweli, ila aliyesimama ubavuni hupigwa na upepo na mlio kama amefunguliwa mlango wa tanuru. Wasimamizi wa uwanja huwajua wenye vizibo hivyo na husogea nyuma mapema. Masikio huzibwa, mara nyingine mara mbili, vizibo vya ndani na vifuniko vya nje.

Jambo ambalo wanunuzi wapya hulisahau ni mzigo. Risasi moja ya 7.62 kwa 51 ina gramu 24 hivi, maradufu ya 5.56. Mia moja ni kilo mbili na nusu karibu, bado magazini za chuma, bado bastola kiunoni na mkanda wa risasi za shotgani. Bei nayo hupanda. Na hakuna anayeizoea bunduki kubwa bila kupiga risasi nyingi, kwa hiyo busara iliyopo viwanjani ni kununua bunduki ya bei ya wastani na kumimina fedha iliyobaki kwenye risasi za mazoezi. Aliyefanya kinyume hutambulikana kirahisi: silaha inang'aa, naye hufumba macho kabla ya kuvuta triga.

Kulenga nako kuna hesabu yake. Bunduki iliyorekebishwa ipige sawasawa mita 100, itakuwa imeshuka zaidi ya sentimita 30 ikifika mita 300. Kwenye shabaha ya hatua tatu, risasi itaingia chini kidogo ya pale jicho linapotazama, kwa sababu kilengeo kiko juu ya mtutu. Mshindani hubeba namba hizi kichwani, au hubandika karatasi kwenye kitako.

Usalama hauna mjadala. Mdomo wa bunduki ukigeuka nyuma ya mstari wa mabega, mtu ametolewa. Risasi ikitoka bila kukusudiwa, ametolewa. Silaha ikianguka, ametolewa, hata kama alikuwa anaongoza na alisafiri siku mbili kufika.

Afrika, nyumba ya mchezo huu ni Afrika Kusini, ambako Pietersburg, sasa Polokwane, iliandaa mashindano ya dunia ya bastola ya IPSC mwaka 2002. Kenya ina wapenzi wa bastola wanaoshindana Kirigiti, Kiambu, kwa kanuni za shirika lingine la bastola, IDPA. Bunduki ndefu ya kijeshi ni habari nyingine: sheria ya silaha ya Kenya inazitaja kwa majina AK-47, G3 na MP5, na raia anayekutwa nazo hana mlango wa kutokea. Kongo, sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 inatenganisha silaha za vita na zile za uwindaji na michezo. Mtu wa Lubumbashi mwenye hamu ya FAL atabaki kuitazama begani mwa askari.

Pia kuna sababu ya watu kutoililia. Baada ya vita, shirika la PAREC la mchungaji Daniel Ngoy Mulunda lilizunguka Katanga likikusanya bunduki na kutoa baiskeli badala yake. Kinga, kama baiskeli inavyoitwa Lubumbashi, hubeba gunia la unga, samaki wakavu wa Mweru, mgonjwa na mwana. Kati ya kitu hicho na kilo nne za chuma cha Herstal, wengi hawakuhitaji kufikiri sana.

Na bado Katanga imo katika kila risasi kubwa inayopigwa uwanjani, hata kama hakuna Mkatanga mstarini. Ganda la njano lililotupwa na FAL ni mchanganyiko wa shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30, na mgodi wa Kipushi, jirani na Lubumbashi, umewahi kutoa vyote viwili. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, shaba ya Katanga iliyochimbwa na kampuni ya Union Minière ilikwenda katika maganda ya mizinga ya Washirika. Leo, mashindano yakiisha na bunduki zikishakaguliwa chumba kitupu, washindani huinama na ndoo kuokota maganda yao. Ganda la .308 hujazwa upya mara kadhaa likitunzwa, na tupu moja lina gramu 11 hivi. Mwenye G3 huokota akiwa mbali kuliko wote, kwenye majani, akiyageuza moja moja kutafuta lililobonyea kidogo.